Mluzi wa Arvo Ndani ya Diski

Calumet, Michigan
Tarehe 20 Februari 2006

Mpendwa mdogo wangu Reino,

Hamjambo huko kwenye joto la Arizona? Wifi Darlene anaendeleaje na mgongo, na watoto je? Sisi tungali wazima, ila theluji imefika dirishani na kiuno changu kimegoma kuinamia koleo la kuzolea theluji. Usinicheke, zamu yako inakuja. Mama anakula vizuri, lakini usingizi ndio taabu.

Uliniuliza habari za kanda zetu za video. Mashine imeanza kuzitafuna, basi nikaamua kuzihamishia kwenye diski. Mama akaweka sharti: diski moja tu, na vyote viwe humo. Vidole vyake havikunjuki tena, kubadilisha diski hawezi, na kuniita kila mara hataki. Diski moja, Reino! Inachukua saa mbili za picha safi, na sisi tuna saa saba.

Dawa yake ni kuibana video. Unaiambia kompyuta itumie data kidogo kwa kila sekunde, na kila jaribio linakula siku nzima. La kwanza, marehemu Baba alitoka na uso wa vipande vipande kama sakafu ya vigae. Nikapunguza ukubwa wa picha, Baba akarudi, lakini bado haikuenea. Nikasema, aa, sauti ya nini? Nikaibana sauti mpaka mwisho, yote ikaingia. Nilijisifu kwelikweli.

Unaikumbuka ile sehemu ambayo marehemu kaka yetu Arvo aliweka kamera kwenye baraza ya sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke, akasahau kuizima? Mwenyewe haonekani. Ni theluji tu, naye yuko kando anapasua kuni huku akipiga mluzi. Ilikuwa wiki ileile barafu ya ziwa ilipovunjika akazama. Mama huingojea hiyo tu.

Nikamwekea. Akasikiliza, kikombe mkononi, kisha akanigeukia.

"Helmi, mbona anapiga mluzi akiwa majini?"

Nikairudisha nyuma nikasikiliza, Reino. Ilikuwa kweli. Sauti ikibanwa mno hububujika. Nikamweleza kwamba ni mimi niliyepanga vibaya, wala hakunisikia.

"Mtoe humo mwanangu. Anasikia baridi."

Nikamwambia nafasi hakuna, labda nikate vingine.

"Si ukate! Kata harusi ya Reino, kata na yako. Nyinyi si mpo?"

Basi nimekata, ndugu yangu. Harusi yako haimo. Kanda yake ninayo, nitakutumia, na tafadhali mwambie wifi asimnunie Mama. Sauti ya Arvo sikuibana hata kidogo. Sasa unasikia shoka, unasikia mluzi, unasikia hadi anavyovuta pumzi.

Ila sijui kama nilifanya vema. Jana nilirudi kutoka kanisani nikakuta mlango wa mbele uko wazi, theluji imeingia hadi sebuleni, na Mama amekaa na koti lake, diski inacheza.

"Mama, utakufa na baridi!"

"Shii! Uache wazi. Kuni amemaliza, anaingia."

Na mimi, mtu mzima na akili zangu timamu, nilisimama pale nikisikiliza. Sikuufunga.

Wasalimie wifi na watoto, waambie shangazi anawakumbuka. Mungu awafunike kwa mkono wake, na asikucheleweshe kuja.

Dada yako akupendaye siku zote,
Helmi