Mkono Niliousingizia

Jumatatu, 4 Machi

Nimemsindikiza Dada kwenye dripu yake ya mifupa. Nesi kaja na chupa, katutazama wote wawili, kauliza mgonjwa ni nani, yeye au mimi mwenye madevu. Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Nikamweleza nesi kwamba kinyozi bora hana muda wa kujinyoa mwenyewe, ndiyo maana.

Kansa yake ilianzia titini. Titi wakalitoa, ikahamia mifupani kama mpangaji asiyesikia notisi. Kabla ya dripu hii alikuwa hageuki kitandani mpaka binti yake amshike kiuno. Sasa anakaa kwenye cherehani tangu asubuhi, anashona sare za shule na kunisema mimi.

Nesi katangaza kwa chumba kizima: asiwepo wa kung'oa jino bila wao kujua. Dawa inaimarisha mifupa, sawa, lakini taya likijeruhiwa linachelewa kupona. Kidonda kinaweza kubaki wazi, mfupa ukafa humo humo mdomoni. Jino likisumbua, semeni mapema, daktari wa meno yupo. Basi mama mmoja aliyekuwa kiti cha pili akashusha mtandio, akatufunulia mdomo. Aling'olewa gego na fundi wa mtaani kwao. Mfupa uko nje! Kama kipande cha chaki kimechomekwa kwenye ufizi. Mimi niliyewahi kumwona nyoka akipiga mwayo — nimegeukia dirishani.

Sikusema kwamba kwetu fundi wa mtaani ni mimi.

Jumatano, 6 Machi

Karani wa ofisi ya maji kaja kunyolewa ndevu. Nimemsimulia ile ya dereva wa lori: nilimng'oa jino huku ananipa habari za safari, na alipofika mwisho wa safari jino lilikuwa mfukoni mwake. Karani kasema mara iliyopita alikuwa dereva wa basi. Nimemwambia ni watu wawili tofauti, madereva wote huja kwangu.

Ya yule mama wa chaki sikumsimulia.

Jumamosi, 9 Machi

Siku mbaya. Naandika taratibu.

Nilipokwenda kwa Dada nilimkuta anakunywa chai iliyopoa, anatafuna upande mmoja. Binti yake alikuwa sokoni. Dada akafunga mlango, akakaa kwenye kigoda karibu na dirisha penye mwanga, akapanua mdomo. Gego la chini, kushoto. Linacheza. Ufizi umevimba, mwekundu.

"Redio," akaniambia — ndilo jina langu tangu nilipojifunza kusema — "nitolee hiki kitu. Dakika moja tu."

Nikamkumbusha maneno ya nesi. Nikamkumbusha yule mama. Akasema yule aling'olewa na mtu asiyejua. Mimi si nimeng'oa ukoo mzima? Si nilimng'oa dereva hata asijue? Maneno yangu mwenyewe, kayapiga pasi vizuri, kayakunja, kanirudishia.

Nikamwuliza kwa nini asimwambie nesi. Hapo sauti ikashuka.

"Watanisimamishia dripu. Nikirudi kitandani mara hii, sinyanyuki tena."

Sijawahi kumkatalia Dada kitu. Mgongo huo anaouhofia ndio alionibebea mimi mtoto, mama yetu alipokuwa kazini. Koti langu la kwanza la ukinyozi alilishona yeye, likiwa na mfuko mahsusi wa kitana. Ningesema siwezi, asingeniamini. Nimetumia maisha yangu yote kumzuia asiniamini nikisema siwezi!

Ikanitoka: Dada, mkono wangu unatetemeka siku hizi.

Nikaunyoosha, nikautikisa. Nimeutikisa vizuri sana, kama ningekuwa mwigizaji ningekuwa tajiri. Dada akafunga mdomo. Akaushika mkono kwa mikono yake miwili, akauweka mapajani kama kifaranga aliyelowa. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu mwezi uliopita.

"Na hukuniambia."

Mwenye jino bovu la kufichwa ndiye aliyenuna. Kaupaka mafuta ya kuchua mpaka kwenye kiwiko. Jino hakulitaja tena.

Jumatatu, 11 Machi

Mtaa mzima unajua habari za mkono. Karani kafika mlangoni, kautazama wembe, kasema safari hii anaziacha ndevu kwa sababu ya baridi. Jasho linamtiririka. Wateja wawili wengine wamevuka barabara kwenda kwa yule kijana wa mashine za umeme, anayenyoa kama anafyeka majani.

Mpwa wangu, binti wa Dada, kaniletea uji na kijiko kikubwa cha kuchotea. Mjomba, mama kasema usinyanyue ndoo. Mjomba, mama kasema ulale upande wa kulia. Kanifunga kitambaa shingoni nisijimwagie. Uji ulikuwa mtamu, siwezi kusema uongo — kwenye hilo.

Alipoondoka nimempigia simu nesi. Nimejifanya nauliza kwa ajili ya jirani. Nesi kaniambia, jirani huyo ni dada yako? Basi tukazungumza kama watu wazima. Kasema uvimbe ule usisubiri. Daktari wa meno ana njia: atausafisha, atampa dawa, na pengine jino litatibiwa mzizi ukiachwa mahali pake. Dripu hata ikisogezwa mbele kidogo, si kwamba imekatwa, na nguvu iliyokwisha kuingia mifupani haitoki kesho. Taya ndilo lisiloweza kusubiri. Darasa langu la sita la zamani linatosha kabisa kuelewa hilo. Katupa nafasi Ijumaa.

Jumanne, 12 Machi

Nimemweleza Dada yote ya nesi. Kasema manesi huongea hivyo hivyo kabla ya kukunyang'anya kitu. Shavu limeanza kujaa. Anasema ni unene, hatimaye ananenepa.

Halafu yeye mwenyewe kaleta shauri. Kasema hawezi kulala kwa kuuwazia mkono wangu. Mimi niende kwa daktari nikaupime, na yeye, ili nisijione peke yangu, atakwenda kuonyesha jino. Wote au asiende hata mmoja.

Nimekubali kabla hajafunga kinywa! Ijumaa. Daktari wa mkono akiniona mzima, shauri yake, Dada atakuwa keshakaa kwenye kiti cha meno. Hakuna mpango uliopangwa vizuri namna hii tangu dunia iumbwe.

Jumatano, 13 Machi

Mjinga. Mimi ni mjinga.

Dada alikuwa anahangaika kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani, macho yanamlengalenga kwa maumivu. Kalowesha uzi, kakosa. Kakosa tena. Nikamwambia lete. Nikautunga mara moja, jicho moja nimefumba, hata pumzi sikubana. Na nikasema — nani alinituma? — nikasema, hivyo ndivyo wanavyotunga mabingwa.

Mguu wake ukasimama kwenye pedali. Kautazama uzi. Kanitazama. Mpwa wangu alikuwa anapiga pasi pembeni, naye kanyanyua kichwa.

Nikaanza kuutikisa mkono. Nimechelewa, na nadhani nilitikisa ule mwingine.

Dada kainamia cherehani. Kashona mfuko wa shati mpaka mwisho.

Alhamisi, 14 Machi

Yuko kibandani kwangu. Sasa hivi. Nimo nyuma ya pazia, nimemwambia nachemsha maji.

Kaingia amejifunga leso kuzunguka shavu, kakaa kwenye kiti changu cha kuzunguka, kavua kilemba. Zile dawa za kansa zilimla nywele, nazo zimerudi huku na huko kama shamba lililopandwa na mlevi. Kasema nimnyoe zote. Kwa wembe.

Nikasema mkono. Akasema:

"Hapo ndipo ninapotaka kujua. Ukinikata, wewe ni mgonjwa, kesho tunakwenda wote. Usiponikata, ulinidanganya, na utanitoa jino leo leo."

Ameleta koleo langu la meno kutoka nyumbani kwangu. Liko kwenye rafu, kati ya poda na kioo.

Tangu nianze kazi sijamkata mteja. Hili si la kujisifu, waulize. Nimewahi kumnyoa mtu usingizini, akaamka akaniuliza zamu yake lini. Na leo nimechagua mahali pa kumkata: nyuma ya sikio, mkwaruzo wa kucha tu, hata leso haitaugusa. Nimeuchemsha wembe. Nimekwenda mpaka kwenye pazia, nikakiona kisogo chake, kidogo, kimeinama kunisubiri. Nimeshindwa, nimerudi kukaa.

Leso imelowa usaha upande wa chini. Kesho si mbali. Kesho ni mbali sana.

Ananiita. Anasema maji gani hayo, au nayasubiri yapate watoto. Nimesema yanakaribia.

Nasikia kiti kinazunguka kuelekea pazia.

"Redio. Mtu mwenye mkono wa kutetemeka anachemsha maji muda wote huo, mbona sisikii hata kikombe kugonga?"

Kikombe hiki hapa. Nakigonga kwenye kisahani kwa mkono wa kushoto, pole pole, kama mgonjwa, huku naandika kwa wa kulia. Anasikiliza. Nagonga.