Helmeti na Fundo la Sponji

Jumamosi, 5 Julai

Saluni yangu imejaa tangu asubuhi. Kesho kuna harusi Arua hii, na kila mwanamke ana shangazi, na kila shangazi ana kichwa. Zuhura, msusi wangu, amesuka bila kuketi. Mimi nimeosha, nimekausha, nimepaka dawa.

Mteja mmoja akaniuliza mimi mwenyewe natumia mafuta gani, maana chini ya hijabu panaonekana pamejaa. Nikamtajia. Akayanunua.

Chini ya hijabu hakuna nywele. Kuna soksi niliyoijaza sponji na kuibana kwa pini, iwe kama fundo la nywele ndefu.

Najichukia siku kama hizi. Kesho baiskeli. Alhamdulillahi kwa baiskeli.

Jumapili, 6 Julai

Tumepita njia za miguu nyuma ya Mvara, mashimo tu, na mizizi. Juu ya baiskeli nasahau kichwa. Presha ilinipeleka kwenye kikundi hiki cha baiskeli, daktari aliniambia nitembee au niendeshe. Nimebaki kwa sababu ya ule mteremko wa mwisho.

Leo Drani, anayetuongoza, alitusimamisha wote. Jumapili ya tarehe ishirini tunakwenda Koboko, vilima vya Midia. Asiye na helmeti ya baiskeli ya milima abaki nyumbani. Akaigonga yangu kwa kidole. Ni ya boda, nimeiazima kwa kaka.

"Hii ni ya pikipiki, mama. Iko nzito, hausikii mutu nyuma, na jasho itakumaliza."

Wakacheka. Nikacheka nao. Akaeleza inayofaa. Ishuke hadi kisogoni, maana kwenye mawe mtu huangukia nyuma. Iwe na mdomo mbele wa kuzuia jua na matawi. Iwe na kigurudumu kidogo nyuma cha kuikaza. Na ukitikisa kichwa kabla ya kufunga mikanda, isicheze.

Isicheze. Hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani.

Jumanne, 8 Julai

Nimefanya jambo baya.

Kiden alikuja Arua kuchukua mzigo wa vitenge. Anauza Koboko, alikimbilia huko na mama yake kutoka Sudan Kusini. Kwenye miteremko yeye ndiye huwa mbele yangu, na ndiye rafiki pekee niliyempata ukubwani. Akanipeleka kwa mtu anayeleta baiskeli na helmeti zilizotumika.

Alizishika moja moja. Alibonyeza povu gumu la ndani kwa dole gumba. Nyekundu nzuri niliyoitaka aliikataa, chini ya stika kulikuwa na ufa. "Hii ilishaanguka. Acha."

Mwenye duka akaja na futi ya ushonaji. Kichwa hupimwa juu kidogo ya nyusi, kuzunguka chote. Nikamwambia apime juu ya hijabu. Kiden akaona tatizo pale pale.

"Dada Hawa, shusha hiyo nywele kwanza. Fundo inasukuma helmeti mbele."

Nikakataa. Akadhani ni kwa sababu ya wanaume. Akamtoa mwenye duka nje, kwenye duka lake mwenyewe! Kisha akafungua kitenge kipya, akakishika mlangoni kwa mikono yote miwili kama pazia.

"Wanaume wametoka. Iko mimi na wewe tu."

Nilisimama nyuma ya kile kitenge. Sikuvua. Nikamwambia dini yangu hairuhusu, hata mbele ya mwanamke, kama si Mwislamu.

Wapo masheikh wanaosema hivyo. Mimi sikuwahi kuwafuata. Enzi za nywele zangu nilikaa kichwa wazi saluni mbele ya wanawake wa kila dini.

Kiden akashusha mikono. "Pole dada. Sikujua." Akaniomba msamaha. Yeye, mimi.

Nimenunua ya kijani, saizi kubwa kuliko zote. Nimemsingizia Mungu ili nifiche kipara.

Jumatano, 9 Julai

Baada ya alasiri nilifunga mlango wa chumba nikajitazama. Zimebaki kidogo kisogoni. Pembeni zilitoka kwanza, kisha utosi. Kila dawa mpya nilianza kuijaribu kichwani mwangu, kila msuko wa kubana nilisukwa mimi kwanza, wateja waone. Kichwa changu kilikuwa kibao cha biashara. Daktari alisema mizizi imekufa.

Nilipoanza kukaa na hijabu hata ndani ya saluni, watu walisema kifo cha mume wangu kimenirudisha kwa Mungu. Sikukanusha.

Naandika haya kwa Kiswahili cha shule, nilichokipata Kibra nikilelewa na shangazi. Nyumba hii wanakisema, hawakisomi. Afadhali.

Ijumaa, 11 Julai

Nje ya msikiti mama mmoja mzee, hajati, amenishika mkono. "Mungu akuzidishie, binti yangu. Wasichana wakutazame wewe."

Nimesema amina.

Jumapili, 13 Julai

Mazoezi Mvara. Kwenye tambarare helmeti inatulia. Kwenye mteremko inalala hadi kwenye nyusi. Nimekaza mikanda mpaka taya linauma.

Zuhura naye yumo kwenye kikundi siku hizi. Hufunga mtandio mwembamba, bapa, bila pini, na helmeti yake haisogei hata akiruka mizizi. Ananipita sasa. Aliniambia, "Aunti, yako inalala mbele." Nikamjibu bado mpya, itazoea.

Dawa ni kutoa sponji. Hilo tu. Lakini hijabu ikilala bapa wataona umbo, na watajiuliza zile nywele zimeenda wapi. Mwanamke mzima wa miaka arobaini na moja. Sikuweza.

Jumapili, 20 Julai

Niandike tu.

Tulilala Koboko jana, kwa Kiden. Mama yake alitupikia vizuri. Asubuhi tukaingia Midia. Njia nyembamba kati ya mashamba ya muhogo, kisha mawe, kisha mteremko mrefu. Kiden mbele, mimi nyuma yake, karibu mno. Nilikuwa na furaha. Nakumbuka hilo vizuri, nilikuwa nacheka.

Tairi likagonga jiwe. Helmeti ikashuka yote machoni. Sikuona kitu. Nikabana breki ovyo, nikamgonga Kiden kwa nyuma. Nilisikia akianguka kabla sijamwona.

Aliangukia bega, kichwa kikafuata kwenye mwamba. Helmeti yake imepasuka kisogoni. Kichwa kizima. Lakini mfupa wa mtulinga ulikuwa umesimama chini ya ngozi, na uso wake wa rangi ya majivu. Akauliza, "Dada Hawa iko sawa?"

Mimi nilikuwa na mchubuko wa goti.

Drani akaniuliza imekuwaje. Wote wananitazama. Nikasema, "Hijabu ilishuka machoni."

Hijabu. Neno lilitoka lenyewe, na sikulirudisha.

Jumatatu, 21 Julai

Mtulinga umevunjika. Wamemfunga mkono kifuani. Hatabeba mzigo wala hatapanda baiskeli mpaka waseme. Mama yake atakaa sokoni badala yake.

Sijafungua saluni. Nimemwambia Zuhura naumwa.

Jumatano, 23 Julai

Drani ametuma ujumbe kwenye kikundi. Kuanzia sasa anayevaa hijabu asije kwenye safari za vilima. Si chuki, ni usalama, wote tuliona yaliyompata Kiden.

Zuhura alisoma akiwa katikati ya kichwa cha mtu. Akaweka simu kifudifudi, akaendelea kusuka. Mteja alipoondoka ndipo akasema, "Aunti, si utawaambia? Mimi yangu haijashuka hata siku moja."

Nikasema nitaongea nao.

Alhamisi, 24 Julai

Sijaongea nao.

Ijumaa, 25 Julai

Tulipofunga kwa ajili ya swala ya Ijumaa, nikamwomba Zuhura abaki. Nikavua hijabu. Nikachomoa pini, nikaliweka fundo juu ya kiti cha draya.

Alitazama kichwa changu kwanza, kwa jicho la kazi, pembeni, utosini, kisogoni. Kisha akatazama sponji.

"Hii ndio ilisukuma?"

"Ndiyo."

Nikamsimulia ya dukani.

"Na Kiden alikuambia utoe."

"Ndiyo."

Nilitegemea pole. Niwe mkweli, nilikuwa nimeshaitengenezea nafasi. Akachukua mkoba wake.

"Aunti, uliacha wanifukuze mimi. Kwa sababu ya soksi."

Akaondoka. Hajawahi kuniacha na wateja wa mchana. Leo kaniacha.

Jumapili, 27 Julai

Nimesema. Mbele ya wote, Mvara, kabla hawajapanda baiskeli. Kulikuwa na wanaume, sikuvua. Nilitoa soksi mfukoni nikawaonyesha. Nikasema sina nywele. Nikasema hili ndilo lililosukuma helmeti, Kiden alinikataza dukani, nikamdanganya. Nikasema hijabu haina kosa na Zuhura hana kosa. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi nirudie.

Mwanaume mmoja alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Drani alitazama pedali zake muda mrefu.

"Kumbe," akasema. Kisha, "Zuhura, kaa mbele leo."

Wakaenda. Zuhura hakugeuka nyuma. Nikakokota baiskeli yangu hadi nyumbani.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Hapana. Ni joto la uso tu, njia nzima. Mji huu ni mdogo. Kesho mteja wa mafuta atajua.

Jumanne, 29 Julai

Koboko. Kiden alikuwa peke yake, ameketi kwenye mkeka, mto chini ya kiwiko. Alifurahi kuniona. Hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi, ile furaha, kabla sijafungua mdomo.

Nilimwambia yote. Nikavua hijabu, nikakaa mbele yake kichwa wazi. Alikitazama mpaka nikataka kukifunika tena.

"Nilishika kitenge," akasema. "Mikono juu, kama mjinga. Mwenye duka nikamtoa nje. Nikakuomba msamaha."

"Najua."

"Wewe haujui. Mimi nimefika Uganda kichwa imenyolewa yote, sababu ya chawa. Mama pia. Wanawake wote wa ile lori, kichwa kama yai. Unafikiri mimi naogopa kichwa?"

Nikasema nisamehe. Akasema bega linamuuma na hataki kupiga kelele.

"Rudi Arua, Hawa."

Si dada Hawa. Hawa.

Hakunipa maji ya kunywa. Haki yake.

Jumatatu, 4 Agosti

Wateja wamepungua. Wengine wanakuja ili watazame. Yule wa mafuta aliyarudisha, chupa nusu. Nimeyapokea.

Nimetupa sponji. Navaa mtandio mwembamba. Asubuhi mkono bado unakwenda kisogoni kutafuta fundo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudi kwenye lile duka. Zuhura alinifuata bila kuombwa. Ile ya kijani ilishagonga chini kule Midia, nimeikata mikanda asije mtu akaiokota.

Safari hii futi ilizunguka kichwa, si sponji. Saizi ya kati. Kumbe nina kichwa cha kawaida kabisa. Nikajaribu moja, ikabana kwenye paji. Nyingine ikaacha nafasi pembeni. Ya tatu, ya kijivu, ina alama ya kukwaruzwa lakini povu lake zima, ikashuka hadi kisogoni ikakaa. Nikazungusha kigurudumu kidogo. Nikatikisa kichwa kabla ya kufunga mikanda.

Haikusogea.

Zuhura akaingiza vidole viwili chini ya kidevu changu, akapima mikanda, akahakikisha inakutana chini ya sikio. "Hii," akasema. Ndilo neno lake la kwanza kwangu nje ya kazi tangu ile Ijumaa.

Sijui nitaivaa lini. Drani hajaniita na mimi sijauliza.

Jumanne, 19 Agosti

Mvua ya mchana. Saluni tupu. Zuhura anapanga nywele za rasta kwa rangi.

Mlango ukafunguliwa, Kiden. Amekuja na gari la Koboko, mkono bado umefungwa, mkoba begani upande ulio mzima. Alisimama pale akidondosha maji.

"Mkono moja haiwezi kuosha nywele," akasema. "Na Mama anavuta kama anang'oa muhogo."

Nikamvutia kiti cha beseni. Nikamwekea taulo chini ya bega bovu, nikalaza kichwa chake taratibu. Misuko ya mwezi mzima na zaidi. Nikafumua mmoja mmoja. Alifumba macho.

Nilipofika kwenye sabuni akasema, macho bado amefumba, "Sijakusamehe. Nywele inawasha tu."

Nikasema sawa.

Nikaosha. Upande wa kushoto, uliovunjika, nilikwenda polepole zaidi, ngozi isivute hadi mtulinga. Maji yalipopoa, nikachemsha mengine.