Kila Wifi Akiinuka, Faili Hukataa Kufutika

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na najua safu yako imezoea waume waliopotea na wakwe wasioridhika, lakini langu nalo limeingia ndani ya nyumba na sina pengine pa kulipeleka, kwa sababu nikienda kwa fundi wa kompyuta ataniambia haya ni ya familia, na nikienda kwa familia wataniambia haya ni ya fundi.

Mimi natengeneza programu za simu, na ofisi yangu ni chumba kilichokuwa stoo nyumbani kwa kaka yangu, ambamo nafanya kazi pamoja na wifi yangu, yaani mke wa kaka, si ule mtandao wa hewani, nasema mapema maana nimeshachekwa vya kutosha. Binti yao, anayeniita shangazi, hasikii tangu kuzaliwa, na sisi wawili tukaanza kumtengenezea programu ambayo mgeni akibonyeza kengele ya mlango, au mama yake akimwita kutoka jikoni, simu yake inatetemeka, inawaka, halafu inaonyesha picha ya mikono inayomwambia kwa lugha ya alama ni nani anamwita na yuko wapi. Wifi ndiye anayechora zile picha na kuziingiza kwenye mradi, mimi naandika msimbo. Mwalimu mkuu wa shule ya mtoto akasikia, akaja kuona, akanisifu sana, wifi alikuwa jikoni anachemsha chai, na wiki ijayo mwalimu huyo analeta kamati ya shule. Wakiridhika, watoto wote wa shule ile wataitumia.

Kompyuta tunayo moja. Asubuhi ni zamu ya wifi, mchana ni yangu, kila mtu ana akaunti yake na neno lake la siri, ila folda ya mradi iko mahali ambapo sote tunaifikia. Zamani wifi akimaliza alikuwa anaizima kompyuta kabisa, nami nikija nakuta madirisha yangu yote yamefungwa, sijui jana niliishia wapi, nikachoka, nikamwambia wifi, kuanzia leo ni marufuku kuzima na marufuku kufunga kitu chochote, ukimaliza badili mtumiaji, inuka, basi. Akakubali.

Hazikupita siku nyingi balaa likaanza. Kuunda upya mradi, kwa asiyejua, ni kufuta vile vilivyotengenezwa mara ya mwisho na kuvitengeneza tena kuanzia mwanzo, na bila hivyo picha mpya haziingii vizuri, kwa hiyo sote wawili huunda, kila mtu kwa zamu yake, sasa mimi nakaa mchana, nabonyeza, inakwenda, inakwenda, inasimama na kuniandikia: "Imeshindikana kufuta. Faili linatumiwa na programu nyingine." Programu ipi? Haisemi! Nafunga kila kitu changu, wapi. Naifuta ile folda kwa mkono, inagoma. Nimenakili mradi mzima pembeni nikauita "mpya", nikanakili tena nikauita "mpya kabisa", sasa hivi kuna nyingine inaitwa "hii ndiyo mpya" na mimi mwenyewe sina hakika. Nikiizima kompyuta na kuiwasha inakubali, lakini kesho yake wifi akishakaa, yale yale.

Nikaanza kuchunguza. Siku wifi alipompeleka mtoto kliniki, hakukaa kwenye kompyuta, na mimi nilifanya kazi kama niko peponi. Aliporudi na kukaa, faili likafungwa. Mshauri, hapo wewe ungefikiri nini? Kikulacho ki nguoni mwako. Na mwenyewe ana vituko, asubuhi nyingine napita namkuta anachora kwa penseli kwenye karatasi, kompyuta imewaka mbele yake haigusi, nikimuuliza ananijibu, "Leo haijakubali, wifi, acha nichore kwanza." Haijakubali nini? Nikaona huu ni uvivu, au ni wivu wa zile sifa za mwalimu mkuu.

Juzi nikauhamishia mradi wote ndani ya akaunti yangu, asikoweza kuufikia. Asubuhi akaniita, mtoto amekaa sakafuni karibu na kiti chake.

"Wifi, mbona folda siioni? Nilikuwa nimebakiza picha mbili za mlangoni."

"Muulize anayefunga mafaili."

"Nani anayefunga mafaili?"

"Unamjua wewe."

Akamshika mtoto mkono, wakatoka. Tangu hapo chumbani haingii, ananisalimu, ananipakulia chakula, ananiwekea mezani, anaondoka, na kompyuta, mshauri, tangu hapo haijagoma hata mara moja! Nataka ushahidi gani tena?

Kaka anarudi kutoka safari kesho kutwa, na nimejiandaa kumwambia amtoe mkewe kwenye kazi hii kabla kamati haijaja. Lakini kuna jambo linaniwasha rohoni, nashindwa kuelewa anafanyaje, mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, na zile picha mbili za mlangoni mimi siwezi kuzichora. Je, nimwambie kaka au ninyamaze? Na faili linashikwaje na mtu ambaye yuko jikoni?

Ni mimi, shangazi wa mtoto.

*

Marahaba, shangazi wa mtoto.

Kwenye safu hii nimeshaletewa waliofungiwa nyumba, waliofungiwa nje ya geti, na hata bwana mmoja aliyeapa kwamba nyota yake imefungwa na mama mkwe. Aliyefungiwa faili na wifi ni wewe wa kwanza. Nilicheka, halafu nikafika kwenye swali lako la mwisho na kicheko kikakatika, kwa sababu hata mimi nilitaka kujua. Faili linashikwaje na mtu ambaye yuko jikoni? Nililala nalo, nikaamka nalo, mwisho nikalipeleka kwa fundi wa kompyuta wa gazeti letu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, nikamsomea barua yako yote.

"Mwanzo hadi mwisho nimeelewa," akasema. "Kaa hapa. Wewe utakuwa wifi."

Akafungua akaunti mbili kwenye kompyuta moja, akaweka mradi mdogo mahali ambapo sote tunaufikia. Nikaingia kwenye akaunti yangu, nikabonyeza kuunda, nikasubiri ikamaliza. Kisha nikabadili mtumiaji nikainuka, sikuzima, sikufunga kitu, kama ulivyoamuru. Nikaenda kusimama dirishani na kikombe changu. Fundi akakaa akawa wewe, akabonyeza kuunda upya. Ikaenda, ikaenda, ikasimama. Imeshindikana kufuta, faili linatumiwa na programu nyingine.

"Umeona?" akaniambia. "Mchawi ni wewe hapo, na kikombe chako."

Nilifurahi kupita kiasi, nikataka turudie. Tukarudia, ikagoma tena. Mara ya tatu akaniambia nitoke kabisa kwenye akaunti badala ya kubadili mtumiaji, nikatoka, na yeye akaunda mradi wake bila kikwazo.

Sasa sikiliza. Kubadili mtumiaji si kutoka. Wifi yako ameinuka yeye, lakini kazi zake zimebaki ndani ya kompyuta zinaendelea. Na ile programu ya kujengea mradi, inayofanya kazi ukibonyeza kuunda, ina tabia moja: ikimaliza kazi haiondoki, inajibanza nyuma ikingoja kama itaitwa tena, na mafaili ya mwisho bado inayo mikononi. Ni sawa na mpishi aliyeambiwa asitoke jikoni. Mwiko ameushika, wewe unaudai ukauoshe. Hukumwona kwa sababu ulitazama kazi za akaunti yako tu, na yeye alikuwa kwenye akaunti ya mwenzako.

Basi rudi kwenye barua yako uisome taratibu, maana jibu umeliandika wewe mwenyewe. Balaa lilianza lini? Baada ya ile marufuku. Alipokuwa akizima hukuwahi kugomewa, ulikuwa unalalamikia madirisha tu. Ukamwambia asifunge kitu, hakufunga kitu. Mwanangu, unamwadhibu mtu kwa kukutii! Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini nguo hiyo umeishona wewe.

Na huo unaouita ushahidi, kwamba tangu umwondoe kompyuta haigomi, ni ushahidi wa kitu kimoja, kwamba hayumo. Ukimhamisha jirani hutasikia tena mlango wake ukigongwa, hilo halimfanyi kuwa mwizi. Siku ya kliniki ni vilevile.

Halafu tuje kwenye penseli, na hapa ndipo uliponikasirisha. "Leo haijakubali, wifi." Hukujiuliza ni nini ambacho hakijakubali? Wewe nawe mchana ulikuwa unaunda, unainuka, unaacha kila kitu wazi. Asubuhi yeye anakaa kwenye kiti kilekile anaandikiwa maneno yaleyale. Kuizima hawezi, umeshapiga marufuku. Kukuuliza anaogopa, maana anajua ukali wako kuhusu madirisha. Mmegomewa na kitu kimoja nyote wawili. Wewe ukatafuta mchawi, mwenzako akatafuta penseli. Kama ungemuuliza swali moja tu la kiungwana, mngeshalijua tatizo kwa kulinganisha zamu zenu, na mimi ningebaki na waume zangu waliopotea.

Sikatai kwamba inaumiza. Kompyuta inayokunyima bila kutaja aliyekunyima inaweza kumtia wazimu hata mtawa, na mtu akikosa jina la mkosaji humbandika aliye karibu. Lakini wivu, shangazi? Wa mama, juu ya kitu kitakachomwezesha binti yake kujua kwamba mama anamwita? Litamke hilo kwa sauti ukiwa peke yako chumbani, uone kama utalimaliza.

Haya, kazi. Leo hii urudishe mradi pale ulipokuwa, na kabla hujafuta hizo "mpya" na "mpya kabisa", mkae wawili mtazame picha zake za karibuni ziko kwenye ipi, usije ukatupa jasho lake mara ya pili. Marufuku yako ifute. Kuanzia sasa anayemaliza zamu anahifadhi kazi, anafunga simu ya mfano, ile picha ya simu ya kujaribia programu ndani ya kompyuta, kama mnayo, anaisimamisha programu ya kujengea kwa amri yake ya kusimama, wewe unaijua na umfundishe na yeye, halafu anatoka kwenye akaunti. Anatoka, habadili. Madirisha yako yakifungwa utayafungua, mikono si unayo?

Ikigoma tena, fungua orodha ya kazi zinazoendelea, uiambie ionyeshe za watumiaji wote, utamwona aliyeshika. Ikiwa ni kazi ya akaunti ya wifi, mwite wifi aje aifunge mwenyewe. Ukiiua wewe bila kuuliza unaweza kuua na kazi ambayo hajaihifadhi. Folda ya kufuta ni ile ya vilivyotengenezwa peke yake, zile za picha na msimbo usiziguse. Fundi ameniambia nikuongezee kwamba programu ya kuua virusi nayo hushika mafaili mapya wakati inayakagua, na kwamba kama folda yenu inajinakili mtandaoni kila mara, itoeni humo wakati wa kuunda. Ila amesema anza na akaunti, asilimia kubwa ni hapo. Na yote yakishindikana, zima uwashe, hakuna atakayekucheka.

Kwa kaka yako usipeleke mashtaka. Akishaweka begi chini, mwambie kulikuwa na tatizo, ulimsingizia mkewe, na limekwisha. Alisikie kwako, asilisikie kwenye ukimya wa meza ya chakula. Kamati ikija, chai ichemshwe mapema, na mtu wa kuishika ile simu na kueleza kila mkono kwenye picha unasema nini awe yule aliyezichora. Wewe utasimulia msimbo wakikuuliza, na sidhani kama watakuuliza sana.

Lakini kabla ya folda na kabla ya kaka, kuna wifi. Usimwendee na habari za programu zinazojibanza, atadhani umekuja kujitetea. Mwambie umemkosea, kisha unyamaze umwache aseme la kwake, hata likiwa refu. Na usimvizie jikoni akiwa peke yake. Ulipomtoa kwenye kiti mtoto alikuwa pale sakafuni. Hakusikia neno hata moja, lakini aliuona uso wa mama yake. Basi omba radhi mahali ambapo atauona tena.