Filta ya Samaki wa Mwende

Mwende, mwanangu,

Nakuandikia hapa mezani Emali, samaki wako akiniangalia. Wewe nilikuita mwaitu, yaani mama yangu, tangu siku ya kuzaliwa, kwa sababu tulikupa jina la mama aliyenizaa. Ukiwa mdogo nilikuuliza mbele ya wageni, "Mwaitu, leo tupike nini?" Nawe ukajibu kama bibi mzee, "Pika chochote, bora usiunguze." Nilijigamba, na bado najigamba. Mtaa huu wote, nitajie mama mwingine aliyesomesha binti mpaka akafanya kazi maabara.

Unakumbuka ulivyomleta huyu samaki wa pambo, betta, kutoka Nairobi ndani ya chupa ya jemu, mwekundu, mkia kama leso? Jirani yetu Mama Kioko akasema, "Haliwi, hauzwi. Mnafuga rangi?" Ukamjibu, "Wewe unafuga maneno na hatujakuuliza." Nilikukemea, halafu nikaenda jikoni kucheka.

Ukamwekea tangi la kioo na filta ya sponji inayovutwa na pampu ya hewa. "Iwe polepole, mama. Huyu hapendi maji yanayomsukuma."

Tangu tukuzike sikuiwasha. Sababu sijamwambia mtu. Inabubujika sawasawa na ile chupa ya maji iliyopitisha oksijeni yako hospitalini, ukutani juu ya kitanda chako, siku tisa, mchana na usiku.

Nikajidanganya kwamba betta anavuta hewa ya juu, wewe mwenyewe ulisema, basi filta ya nini? Na maji sikuyabadilisha. Mimi nimekua nikichimba mchanga wa mto mkavu, unangoja maji yatulie, yakishang'aa unakunywa. Kwetu nani anamwaga maji yaliyong'aa? Ya samaki yaling'aa wiki tatu. Juzi nikamkuta amelala chini, mkia umejikunja. Ndipo nikakumbuka maneno yako: "Mama, uchafu wake hauonekani kwa macho."

Nikatoa maji robo, nikaweka mengine. Jana hivyo hivyo. Ningeweza kuendelea hivyo bila filta, nguvu ninazo. Lakini shamba la Mbooni likiniita nakaa huko hata siku nne, na huyu ndiye kitu chako pekee kinachopumua humu ndani. Nikashika plagi, nikaiacha. Nikaenda kufua. Nikarudi.

Leo saa tisa mchana nimeiwasha. Mwaitu, sebule yote ikawa wodi. Nilisikia mpaka harufu ya ile dawa ya sakafu. Sikuthubutu kugeuka nyuma, maana nilijua kitanda kiko hapo na wewe uko juu yake.

Halafu stima ikapotea.

Kimya kile nilikitambua. Nesi alipofunga oksijeni yako, kilikuja hivi hivi, nami nikabaki nimeinamisha sikio. Kumbe wiki hizi zote nilikuwa naogopa sauti ya siku ulizokuwa bado hai. Nikakumbatia tangi, nikasema, "Usiende." Sijui nilimwambia nani kati yenu.

Sijui nilisimama hapo muda gani. Stima ikarudi, filta ikaanza tena kububujika, na mimi nikaketi sakafuni nikalia kama mtoto, kwa sababu safari hii ilizimika na ikarudi.

Inaendelea ninapoandika. Samaki amepanda juu mara moja kuvuta hewa. Sitaizima.

Pumzika, binti yangu. Nipo hapa naisikiliza.

Mama yako