Liwa Iliyomwita Nyamwiza

Hapana dada, sikuoa bibi kizee! Mwambie shemeji aache kucheka, maana najua alicheka. Niliisoma barua yako nikiwa nimeketi mlangoni, na nilipofika pale ulipoandika, "Mdogo wangu, msichana mbichi vile uso umshukeje? Au umemposa nyanya wa watu ukamwita mwali?" ikabidi niikunje haraka, kwa sababu Kokugonza alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri nimsomee. Nikamsomea salamu peke yake. Mengine nakueleza sasa, maana tangu siku ile mambo yamegeuka.

Nimeanza kujibu kabla ya kuamkia, unisamehe. Shikamoo dada. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, umshike miguu kwa niaba yangu, na umuulize kama goti limeacha kumsumbua au bado analalamikia upepo wa ziwani. Watoto je? Sisi huku Kanoni miili yetu haina neno. Mvua zimekuja vizuri, migomba imejaa, na ngozi za ng'ombe ninazonunua zinachelewa kukauka tu.

Dada yangu, kwanza niruhusu nimsifu mke wangu, maana nisipomsifu kwako nitamsifia nani? Wewe ndiwe uliyenilea. Kokugonza, kwa lugha ya kwao, limo neno la kupenda ndani ya jina hilo, na mimi kila nikimwita najiona nimesema yote niliyotaka kusema. Akicheka anafunika mdomo kwa kiganja, lakini macho hayafuniki, na mimi nayatazama hayo macho mpaka nasahau nilikuwa nikipima nini kwenye mizani. Miaka yote niliyosoma shule ya serikali kule Tanga hakuna aliyenifundisha kwamba mtu anaweza kurudi nyumbani mbio kama mtoto kwa sababu tu kuna mtu anamngoja mlangoni.

Mashavu yake yana alama za ndui. Hilo sikukuandikia mwanzo. Aliugua akiwa mdogo, katika ndui ileile iliyomchukua mama yake, Nyamwiza. Mimi vile vishimo sikuviona kuwa kasoro hata siku moja. Lakini sasa sikiliza kosa lilivyoanza.

Alipotoka ndani baada ya siku zake za uanaarusi, wanawake wa hapa walikuja kumtazama. Walimzunguka, wakashikana mikono, wakanong'onezana kwa Kinyambo. Lugha hiyo bado naichechemea. Nilidaka maneno mawili tu: obuso, nikajua ni uso, na kushusha. Mmoja akasema, mwingine akarudia, kushusha, kushusha, na shangazi yake akatikisa kichwa kwa huzuni. Basi mimi, mtoto wa Waswahili, nikaelewa nilivyoelewa: wanasema uso wa mke wangu unashuka! Kwamba ngozi imelegea, kwamba ameanza kuzeeka mikononi mwangu kabla hata udi wa harusi haujaisha harufu. Nikaona aibu kumuuliza. Ndipo nikakuandikia wewe, nikaomba singo na liwa na chochote cha kuurudisha uso ujana.

Ulivyotuma vilifika salama. Liwa niliisaga mwenyewe kwa maji juu ya jiwe, mti ule wa manukato ukawa uji mzito wa kupaka, na Kokugonza akapiga kelele, "Shangazi, njoo uone! Mwanamume wa pwani anasaga! Mume wangu amekuwa mke!" Shangazi yake, dada wa baba yake, anakaa nasi tangu harusi. Akachungulia akasema, "Mwache asage. Wa kwangu hakuwahi kusaga hata maneno."

Nilimsinga kama ulivyoelekeza. Singo kwanza, kwa manjano na mawaridi yale makavu, kusugua taratibu kuelekea juu, kisha liwa, kisha siagi ya hapa kwao, ambayo wanawake huitumia kwa ngozi tangu zamani. Wiki baada ya wiki. Dada, mikono yako ina baraka! Ngozi ililainika ikawa kama ya mtoto. Zile alama za ndui zikafifia, na akipakwa liwa zilijaa kabisa, uso ukawa sahani nzima, hauna doa. Nilifurahi kupita kiasi. Shangazi peke yake ndiye hakusema kitu. Alikuwa akimtazama, kisha anatazama pembeni.

Asubuhi moja baba mkwe wangu akaja na mkungu wa ndizi begani. Kokugonza alikuwa kizingitini, liwa ikimkaukia usoni. Mzee akasimama. Mkungu ukateleza begani, ukaanguka, wala hakuutazama.

"Nyamwiza," akasema.

"Tata, ni mimi," akajibu Kokugonza, akimwita baba kwa lugha yao.

"Mtoto umemwacha wapi?"

Shangazi akapaza sauti kutoka ndani, "Kaka, macho yako yamejaa moshi! Huyo ni mwanao!"

"Najua," akasema mzee. Akaketi. Tukamletea buni za kutafuna, kama desturi. Akachukua moja, akaipasua kwa meno, punje moja akaweka ulimini, ya pili akaiweka kiganjani mwa Kokugonza. Nikaona shangazi ameshika mlango. Baadaye akaniambia hivyo ndivyo mzee alivyokuwa akila buni na mkewe. Na mwanawe hakuwahi kumgawia punje.

Toka siku hiyo akawa anakuja kila kukicha. Anaketi uani, anazungumza na Kokugonza kwa upole. Anamweleza ng'ombe gani alizaa, nani alihama, mgomba upi ulioangushwa na upepo. Mke wangu alimjibu kwa huruma, kwa sababu mzee huyu hakumzika mkewe. Ndui ilipoingia alikuwa njiani na msafara, amebeba mizigo ya watu, na aliporudi alionyeshwa udongo tu. Uso hakuuona.

Lakini ilifika siku mke wangu akaingia ndani mbio. Nikamshika. Akasema, "Haniulizi mimi tena. Leo ameniambia, mtoto wetu ameolewa na mtu wa pwani, wewe hukuwepo. Mimi nimeketi mbele yake, na ananisimulia harusi yangu."

Nikatafuta la kumfariji, nikasema upuuzi. "Angalau wanawake hawasemi tena kwamba uso wako unashuka."

"Nani alisema unashuka?"

"Wote. Siku ile ulipotoka. Kushusha, kushusha."

Akanikazia macho. Kisha akacheka, dada, akacheka mpaka akakaa chini, akimwita shangazi yake, "Shangazi! Njoo usikie msomi wangu!" Akaniambia, "Kushusha kwetu ni kufanana. Walisema nafanana na mama." Na hapo hapo kicheko kikamkatika. Akashika mashavu yake kwa mikono miwili. "Kumbe ndiyo sababu ulinipaka," akasema polepole. "Mimi na mama tulikuwa tunatofautiana kwa alama hizi tu. Yeye alikuwa na uso safi. Umeziziba, naye amepita."

Nikamletea maji.

Akanawa. Akaacha liwa, akaacha singo na siagi. Haikusaidia kitu. Macho ya mzee yalikwisha kumpata aliyemtafuta, na alimwona vilevile chini ya uso uliooshwa. Na mimi, nikubali kwako, kuna saa za mchana nilimwona ameinama anamenya ndizi, nikaogopa kumwita jina, nisije nikaona anageuka mtu nisiyemjua.

Ndipo Kokugonza aliposema anataka kukatwa uso. Katika kijiji cha Chonyonyo yuko mganga wa wembe, huchanja watu kwa maumivu ya kichwa, na wake wa wakubwa humwendea kwa siri awakazie nyuso. Nilikataa. Nikamwambia habari aliyoniandikia shemeji, ya yule daktari wa Kidachi huko Bukoba, aliyemshona askari aliyeungua na baruti kwa ngozi iliyotolewa pajani. Kwamba kama ni lazima, twende kwa huyo. Akasema, "Huyo hurudisha uso uliopotea. Mimi nataka kupoteza huu." Nikaenda naye Chonyonyo, kwa sababu bila mimi angekwenda peke yake.

Mganga ni mtu mcheshi, kidevu hana. Akamfinya Kokugonza mashavu kama mtu anayechagua kitambaa, akasema, "Bibi harusi, ngozi hii haina deni na mtu. Kwa wanaozeeka nakata hapa, nyuma ya nywele karibu na sikio, navuta, nasugua dawa, kidonda kikifunga kinavuta shavu juu. Wewe nivute nini?"

"Sitaki kuvutwa. Nikate hapa na hapa." Akaonyesha mashavuni. "Nisifanane."

Mganga akaacha kucheka. Akaanza kunoa wembe kwenye jiwe, na sauti ile, dada, naisikia mpaka leo nikinoa kisu cha ngozi. Akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. "Usifanane na nani, nimeelewa," akasema. "Ufanane na nani sasa? Niambie, ndipo mkono wangu ujue pa kwenda."

Kokugonza akausukuma kando mkono wenye wembe. Kisha akainuka, akajifunga nguo yake, tukatoka. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Nisagie liwa. Mara moja tu. Nene."

Nilisaga huku nalia, sioni haya kukwambia. Akajipaka mwenyewe. Baba yake alipokuja akamkuta ameketi uani na kibuyu cha maji. Mimi na shangazi tulikuwa mlangoni.

"Nimekuja kukuaga," akamwambia. "Siku ile ulikuwa njiani."

Mzee akaketi. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, "Uliumwa sana?"

"Niliumwa. Siumwi sasa."

"Na mtoto?"

"Mtoto umemlea wewe. Mtazame."

Akainua kibuyu, akajimwagia maji usoni. Liwa ikamtiririka shingoni mpaka kwenye nguo. Akajimwagia tena, akajisugua kwa viganja, kwa nguvu, mpaka ngozi ikawa nyekundu na vile vishimo vikajitokeza kimoja kimoja. Mzee akanyoosha mkono, akampapasa shavu. Kidole chake kikapata alama, kikapata nyingine.

"Hivi ni vyako," akasema. "Mama yako hakuwa navyo."

"Ni vyangu, Tata."

Akalia kama watu wanavyolia matangani. Na tangu siku hiyo, alhamdulillah, anamwita mwanawe kwa jina lake, anakula, ameanza hata kunitania kuhusu kushusha. Kijiji kizima kimeipata habari hiyo. Nikipita, watoto wananiuliza kama pua yangu inashuka.

Ningependa kuishia hapo, lakini wewe sikufichi kitu. Katika kumuaga, mke wangu alimwita mzee jina moja la mapenzi, nisiloliandika hapa. Lilimtoka tu. Shangazi alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Tulipobaki peke yetu akamuuliza, "Nani alikufundisha jina hilo? Walikuwa wakiitana wawili tu, na mimi nililisikia mara moja, kwa bahati mbaya, nikiwa nyuma ya ukuta." Kokugonza akasema hakumbuki kulitamka.

Kioo nilichomnunulia amekigeuza ukutani. Akienda kuteka maji anavuruga kwanza kwa kibuyu, ndipo anainama. Usiku ananiuliza, "Unamwona nani?" nami namjibu, "Namwona Kokugonza wangu," na ninasema kweli, ila kila mara natazama kwanza.

Kwa hiyo tunakuja kwenu Bukoba. Mwambie shemeji asizungumze na daktari, hatutaki wembe wala sindano. Wewe nawe, tafadhali, usimwandalie singo, hata kama shoga zako watasema mwali ameingia bila kusingwa. Msalimie mama, msalimie shemeji na kicheko chake, bibi yetu mzaa mama, na mwalimu wetu wa chuoni aliyesafiri mpaka huku kutufungisha ndoa. Shangazi wa mke wangu anakusalimu, anasema wewe ni mchawi wa heri.

Kokugonza ameniuliza kama huko Bukoba yuko mtu yeyote aliyepata kumwona mama yake. Nimemwambia hakuna hata mmoja. Akafurahi, dada, usingeamini alivyofurahi. Akaanza kufunga nguo zake saa ileile. Anataka kutazamwa na watu ambao wakimtazama hawana mwingine wa kumkumbuka. Tutafika kabla mwezi haujaisha.

Ndugu yako uliyemlea,
Sefu