Mjukuu Wangu Anapanda Meli Kumtafuta Baba Yake

Mshauri wetu,

Pokea salamu za mtu usiyemfahamu na ambaye huenda usipate nafasi ya kumfahamu, maana daktari wangu ameacha kunipangia tarehe ya kurudi kliniki, siku hizi ananiambia tu "tutaonana, mzee," na mimi si mtoto, najua maana yake. Nakuomba unisaidie nikiwa bado na akili zangu. Naandika kwa mkono wangu, kidogo kidogo, kila mkwe wangu anapotoka kwenda dukani, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka unisamehe, na muuguzi anayekuja kunichoma sindano ameahidi kuipeleka barua hii posta bila kuuliza maswali.

Mimi ni mkufunzi mstaafu wa chuo cha hoteli na utalii. Kabla ya kufundisha nilikuwa msimamizi wa wahudumu wa vyumba kwenye meli za kitalii, zile kubwa kama mtaa mzima, zenye mabwawa ya kuogelea juu na kumbi za muziki katikati, na niliporudi nchi kavu nikapewa somo la kwanza kabisa la wanafunzi wapya, yaani utangulizi wa kazi za melini. Niliwaambia kwamba meli ya kitalii si chombo cha kusafiria bali ni hoteli inayotembea, kwa sababu abiria wake haendi popote, anazungushwa bandari hii na ile kisha anarudishwa alikoanzia, na anachonunua hasa ni raha ya kutofanya kitu, na ili yeye asifanye kitu lazima chini ya miguu yake wawepo watu wanaofanya kila kitu. Niliwachorea ubaoni, juu wageni na madirisha yao, chini kabisa wafanyakazi, vyumba visivyo na dirisha, vitanda vya kupandana, mitambo inanguruma ukutani. Niliwaeleza pia kwamba meli hizi nyingi hupeperusha bendera ya nchi ambayo hazijawahi hata kutia nanga, wanafunzi wakacheka, nami nikacheka nao, sikuwaambia kwamba siku ukipatwa na jambo katikati ya bahari ndipo utakapoelewa kuwa ile bendera ina maana huna wa kumlalamikia. Badala yake niliwafundisha kutabasamu. "Mgeni hajaja kusikia shida zako," ndiyo kauli yangu, na wahitimu wangu wakikutana nami njiani mpaka leo hunitania kwayo.

Mwanangu wa pekee alikuwa mmoja wa wanafunzi hao, na nilimpendelea, sikatai, nilimwandikia barua ya kumtambulisha na akapata kazi haraka kuliko wenzake, akaondoka akimwacha mkewe na mtoto mchanga nyumbani kwangu. Mkataba ulikuwa haujafika hata nusu aliponipigia simu chuoni.

"Baba, nataka kurudi."

"Kuna nini?"

"Sioni jua, baba. Nasafisha vyumba asubuhi, natandika tena jioni, nikilala naota natandika. Jana nimelia ndani ya kabati la mashuka."

Sasa sikiliza, mshauri, nilichomjibu mtoto wangu. Nilimwuliza, "Nani kakuona?"

"Hakuna."

"Basi afadhali. Maliza mkataba. Wewe ni mtoto wa mkufunzi, ukikatisha mimi nitasimamaje mbele ya darasa?"

Alicheka kile kicheko chepesi nilichowafundisha mimi mwenyewe, cha kumpokelea mgeni mwenye malalamiko, akasema, "Sawa, mkufunzi." Hakuniita baba.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwake. Haukupita muda, mtu wa wakala aliyewapeleka vijana melini akaja ofisini kwangu, tai imekaza shingo, akanieleza kwamba wafanyakazi walishushwa kwenye bandari fulani kupunga upepo na mwanangu hakurudi melini, amebaki huko, mambo hayo hutokea, vijana wakiona nchi za watu huingiwa na tamaa. Nilikuwa bado nalimeza hilo aliponipigia kijana waliyelala naye chumba kimoja, naye nilimfundisha mimi.

"Mkufunzi, wanakudanganya. Alirudi! Tulipanda ngazi pamoja, kadi zetu zikalia pale mlangoni, tukala pamoja. Asubuhi kitanda chake kimetandikwa vizuri na viatu vya kazi vimepangwa chini yake, yeye hayupo."

Wewe mshauri huenda hujui kazi ile, lakini mimi naijua. Kila anayeshuka na kila anayepanda, kadi yake husomwa mlangoni, sura yake hutokea kwenye kioo cha mlinzi, na meli haiondoki bandarini bila kujua nani yumo. Kama kadi ilisoma kwamba ameingia, basi aliingia, na aliyeingia kwenye meli iliyokwisha kwenda baharini hana mlango mwingine wa kutokea isipokuwa majini. Sijui kama aliteleza au alijitupa. Nilijua amekufa, nilijua pale pale nikiwa nimeshika simu, na yule kijana akaniuliza, "Niseme, mkufunzi? Niende kwa nahodha?" nikamwambia anyamaze, ana mkataba wake wa kulinda. Mara ya pili namfunga mdomo mtoto wa mtu.

Nyumbani niliwaambia maneno ya wakala. Ameshuka, amebaki huko, na jina la bandari nikalitaja. Mkwe wangu alikuwa anamnyonyesha mtoto, akauliza bila kuinua macho, "Kwa hiyo nimeachwa?" Nikasema vumilia, atarudi. Nilijidai kwamba ni huruma, kwamba ni heri wamchukie akiwa hai kuliko wamlilie akiwa maiti isiyoonekana, lakini nakuandikia wewe nisichoweza kumwambia mtu, kwamba mtoro hakuna anayeuliza mara ya mwisho alizungumza na nani. Ukisema amekufa watu wataanza kuuliza, alikuwaje, alisema nini, alimpigia nani simu.

Mkwe wangu hakuondoka. Kanilea mimi na kamlea binti yake, na marehemu mwanangu humwita "yule mtoro" mpaka jina limezoeleka ndani ya nyumba. Nikikataa chakula hunitania, "Kula, baba, au nawe unataka kunitoroka? Ukoo wenu mna miguu myepesi." Nami natafuna. Alitokea fundi umeme mmoja, mtu mstaarabu, akamtaka kwa heshima zote, na nilimsikia akimjibu pale mlangoni, "Nitaolewaje nawe na mimi ni mke wa mtu?" Nilikuwa sebuleni nimefunika uso kwa gazeti.

Sasa nije kwa mjukuu, maana yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Amesoma chuo kile kile. Mafunzo ya mahojiano ya kazi nimempa mimi, hapa kitandani, akikosea namrudisha mlangoni aanze upya kunisalimu kama abiria. Taulo zangu zote amezikunja tembo na bata, mazoezi ya kupamba vitanda vya wageni, nikiamka nakuta tumbili wa taulo ananing'inia kwenye dirisha, nasahau hata maumivu. Amepata kazi. Juzi akaja kuketi pembeni ya mto wangu, akanong'ona.

"Mume wangu mzee, nikwambie siri? Usimwambie mama."

"Sema, mke wangu."

"Unajua kwa nini nimeichagua kampuni hii? Meli yao inatia nanga kwenye ile bandari. Kila tukifika nitashuka na picha yake. Nitauliza madukani, hospitali, popote. Nikimpata sitamgombeza, babu. Nitamwuliza tu kwa nini."

"Na usipompata?"

"Nitaomba mkataba mwingine."

Alisema hivyo akitabasamu, mshauri, na tabasamu lile ni langu, nimelifinyanga mimi. Tiketi yake imeshatoka, mwisho wa mwezi anaondoka. Nikimwambia, nitakuwa nimemwua baba yake mbele ya macho yake na nitakufa katika nyumba ambayo hakuna anayenisemesha. Nikinyamaza, atazunguka mitaa ya watu na picha ya mtu aliye chini ya bahari, mkataba baada ya mkataba, mpaka naye aanze kulia kabatini. Nimefikiria kumwandikia yote kwenye barua aifungue baada ya mazishi yangu. Au nimwache na matumaini yake, kwani matumaini nayo si yanamsukuma mtu? Nishauri, lakini usikawie.

Mkufunzi Mstaafu

*

Mzee wangu Mkufunzi,

Shikamoo, na pole kwa maradhi, na pole kwa msiba ambao hujapewa pole yake tangu ulipotokea. Nimekupa pole hiyo kwanza kwa sababu unaistahili. Sasa nivumilie, maana nitakusema, na umri wako hautakusaidia.

Unaniuliza umwambie au usimwambie, kana kwamba hujui. Unajua. Mtu asiyejua haandiki kurasa zote hizi kwa kuvizia watu waende dukani. Unachotafuta kwangu ni ruhusa ya kufa ukiwa bado unapendwa, na ruhusa hiyo mimi sina.

Sitakwambia kwamba ulimwua mwanao. Huna uhakika wa kilichotokea na mimi sina pia, na waliomjaza kazi mpaka asione jua, kisha wakasema amebaki bandarini ilhali kadi yake inasema ameingia, hao wana yao ya kujibu. Lakini uongo wa nyumbani ni wako. Hukuusema siku moja ukaisha. Umeusema kila asubuhi ulipoitikia salamu ya wale wanawake wawili.

Hiyo barua ya kufunguliwa baada ya mazishi, ichane. Barua haiulizwi maswali, na huyo binti atakuwa na maswali mengi. Atataka kujua sauti ya baba yake ilikuwaje kwenye simu. Wewe ndiye pekee uliyeisikia. Unataka kwenda nayo kaburini?

Sema kwa mdomo, wiki hii, mchana, ukiwa umekunywa dawa na sauti inatoka. Na useme yote. Nawajua ninyi walimu, mtaeleza habari ya kadi na ngazi na bendera kwa ufasaha mpaka msikilizaji asahau alichokuwa anauliza. Anza na simu. Sema alilia, sema ulimwuliza nani kamwona. Ukiliacha hilo utakuwa umeungama makosa ya kampuni, si yako.

Mtafute yule kijana waliyelala naye chumba kimoja. Chuo chako kina kumbukumbu za wahitimu na wenzake watamjua alipo. Naye ana mzigo uliomtwisha, mwombe aje auteremshe kwa wenyewe. Nenda naye mbali zaidi: aliyoyaona ayaseme mbele ya mwanasheria wa chama cha mabaharia, hata kama ile bendera itawazungusha. Jina la mwanao lisibaki limeandikwa mtoro huko wakati limefutwa hapa.

Siku hiyo usiombe msamaha. Nasema siku hiyo. Ukiuomba papo hapo utawalazimisha wakubembeleze wewe mgonjwa badala ya kumlilia mtu wao. Wakitoka chumbani, waache watoke. Wakipiga kelele, zisikilize. Ikipita siku nzima hakuna aliyekuletea maji, muuguzi wako atakuja, hutakufa kwa kiu. Umeogopa kimya hicho maisha yako yote kumbe ni kimya tu.

Kuhusu safari ya binti, si yako kuizuia. Ni mtu mzima na kazi ameipata kwa jasho lake. Akiamua kwenda, aende kufanya kazi, asiende kuwinda kivuli, na umpe lile somo ulilowanyima darasa zima: kwamba kuna siku atakayochoka kupita kiasi, na siku hiyo apige simu nyumbani, na atakayepokea atamwambia rudi, bila kuuliza nani kakuona.

Lakini hayo yote ni ya pili, mzee wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili nikatafuta swali moja nisilione. Umeniuliza kuhusu mjukuu, umeniuliza kuhusu kifo chako, ila mkwe wako umempitisha kwenye barua kama mtu aliyekuja kuondoa sahani. Huyo ndiye aliyemfukuza mtu mwema mlangoni kwa ajili ya mume asiyekuwepo. Huyo ndiye anayefua mashuka yako huku akijiona mwanamke aliyetupwa, na hakutupwa. Mumewe alipanga viatu vyake chini ya kitanda akiwa bado ni mume wake.

Kabla hujamwita mjukuu, mwite yeye. Akirudi dukani mwambie aache mizigo hapo hapo aketi. Yeye ni mjane, mzee wangu, na mpaka leo hakuna aliyemwambia.