Asali ya mama mkwe

Shoga, nimekwisha.

Nimerudi kutoka kazini, namkuta mama mkwe anamlambisha mtoto asali na tangawizi. Mtoto wa miezi mitano! Eti ana mafua.

Nikamwambia, "Mama, mtoto wa chini ya mwaka hapewi asali, ni hatari."

Akanijibu, "Mumeo nilimlambisha hii hii. Alikufa?"

Eti "Alikufa?", shoga! Mimi nesi, kila Jumanne nawakataza wazazi kliniki asali hiyo hiyo, leo nampigia daktari simu kwa ajili ya mwanangu.

Daktari kasema nimwangalie tu, akilegea au akikataa kunyonya nimkimbize hospitali.

Sasa kalala kifuani kwangu, nasikiliza kila pumzi. Bibi yake anaosha kijiko, anaimba.

Na asubuhi ni mimi mwenyewe niliyemwambia, "Mama, mpe unachoona kinafaa."